Chunusi za kidevuni kwa mdada mtu mzima: mwongozo kamili kwa sisi wa nyanda za juu kusini

Kama umeshavuka miaka 25, shule ulimaliza kitambo, na bado kila mwezi kidevu kinaota vitu vigumu vya ndani kwa ndani, vinauma hata ukilalia mto, havina kichwa, vinapanda kwenye taya mpaka chini ya sikio, hafu vikiondoka vinakuachia doa jeusi la miezi, basi haya maelezo ni yako. Vile vipele vya kwenye paji la uso vya enzi za kidato cha pili ni habari nyingine.

Nianze na hili maana linatuumizaga sana: hizo chunusi hazitokani na uchafu. Wala hazitokani na kukosa mume, na zile kauli za mashangazi za "ukizaa zitaisha" zipotezee, kuna watu wamezaa watatu na ndo kwanza zimeanza. Kinachotokea ni homoni. Sisi wanawake nasi tuna androjeni, zile homoni zinazoitwaga za kiume, kidogo tu lakini zipo, na kazi yake mojawapo ni kuziambia tezi za mafuta kwenye ngozi zitoe mafuta. Wiki moja hivi kabla ya hedhi estrojeni, homoni ya kike, inashuka, androjeni zinabaki na nguvu zaidi, tezi za kidevuni na kwenye taya zinaitikia kuliko za sehemu nyingine, mafuta yanazidi, kitundu cha ngozi kinaziba, bakteria wanaokaaga humo siku zote wanapata karamu, na mwili unavimbisha pale. Ndo maana unaamka asubuhi kitu kimeshakuwa kama gololi na jana hakikuwepo.

Na kuna jambo linawachanganya wengi, unaenda kupima homoni, unalipia, unaambiwa ziko sawa, unarudi umenuna. Wanawake wengi wenye chunusi hizi damu yao iko kawaida kabisa, ni ngozi yao tu ndo inayozipokea homoni kwa ukali kuliko ya jirani. Majibu mazuri ya maabara hayamaanishi unajisingizia, na hayamaanishi tiba ya homoni haitakusaidia.

Kwa hiyo mpangilio ninaoupendekeza ni kuacha kwanza, kisha kuhesabu, ndo kupaka. Wengi wetu tunaanzaga na kupaka, tena vitu sita kwa mpigo.

Kuacha

Anza na mkorogo. Najua hatupendi kuuongelea ila ukienda sokoni Mwanjelwa au Soweto pale Mbeya ukasema tu "dada nisaidie nina chunusi" kuna uwezekano mkubwa ukapewa kikopo kisicho na lebo, kimechanganywa palepale, au tyubu ndogo ya klobetasoli au betamethazoni. Na shida yake ni kwamba inafanya kazi! Wiki za mwanzo uvimbe unashuka, uso unalainika, unang'aa, unampigia debe muuzaji kwa wenzio. Zile ni steroidi, zinazima uvimbe bila kugusa chanzo, na ukizitumia usoni kwa muda ngozi inakuwa nyembamba, vinyweleo vinaongezeka, kisha chunusi zinarudi nyingi kuliko mwanzo, za saizi moja moja, na ukiacha ndo zinalipuka kabisa. Hapo unarudi kununua tena, na biashara inaendelea. Steroidi, haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) na zebaki haziruhusiwi kwenye vipodozi hapa Tanzania, na kitu kupita mpakani Tunduma au Kasumulu kikiwa na lebo ya Kifaransa hakukifanyi kiwe salama, mara nyingi ndo dalili ya kukiogopa.

Kama umeshatumia kwa miezi, usiache kwa hasira siku moja ukabaki unateseka peke yako nyumbani, beba hicho kikopo nenda nacho hospitali wakupangie namna ya kushuka. Kipeleke kweli, usione aibu, wanaoshughulika na ngozi wanaviona kila siku.

Ndugu yake wa mkorogo ni vidonge vya kunenepa na kuongeza shepu. Vingi ni deksamethasoni au prednisoloni, steroidi zilezile ila za kumeza, na chunusi ni moja ya matokeo yake, ziko kidevuni, kifuani, mgongoni. Hivi navyo kama umemeza muda mrefu usikatishe ghafla, mwili unakuwa umezoea na kukatisha kunaweza kukuangusha vibaya. Daktari kwanza.

Halafu jikoni. Limau usoni acha, asidi yake inaunguza na ukitoka juani unaweza kupata malengelenge na weusi mbaya kuliko hilo doa ulilokuwa unalitibu. Dawa ya meno acha. Magadi acha jamani. Skrabu za sukari na zile za kokwa, acha, chunusi iko chini huko, unasugua dari wakati bomba limepasuka sakafuni. Na kukamua kile kigumu kisicho na kichwa ni kazi bure, unakisukuma ndani zaidi na doa unalizidisha.

Mafuta tunagombanaga sana huku kwetu kwa sababu ya baridi. Mwezi wa sita na wa saba Mbeya, Mafinga, Njombe, Makete huko, bila kupaka kitu kizito ngozi inakuwa na ukungu mweupe, naelewa. Ila siagi ya kakao, hata kama ni ya kakao ya Kyela safi kabisa, na mafuta ya nazi, vinaziba vitundu vya ngozi ya mtu mwenye chunusi. Paka mwilini utakavyo, kuanzia taya kwenda juu weka losheni nyepesi iliyoandikwa kwamba haizibi vitundu. Parachichi la Rungwe lile, usilipake. Na mafuta ya kusukia nywele yanayoteremka mpaka kwenye taya nayo yanahusika, kwa hiyo usiku jifunge vizuri na foronya zibadilishwe angalau mara moja kwa wiki.

Kingine cha huku ni misuguano. Skafu ya sufu asubuhi mpaka jioni, sweta la kaba shingo, mkanda wa helmeti ya bodaboda ambayo imeshavaliwa na abiria wote wa Mafiati tangu alfajiri, kiganja kukishikilia kidevu ukiwa dukani unasubiri mteja. Joto na jasho na kusuguliwa kunaamsha chunusi kwa mtu ambaye tayari ana tabia hiyo. Weka kitambaa laini cha pamba ndani ya skafu, kifuliwe mara kwa mara, na kitambaa hichohicho kikae kati ya kidevu na mkanda wa helmeti.

Kuhesabu

Chukua daftari au simu, uandike vitu vitatu tu kwa mizunguko miwili mitatu: siku hedhi ilipoanza, siku vipele vipya vilipotoka, na ni wapi vimetoka. Picha moja kwa wiki, dirisha lilelile, mwanga uleule, bila filta. Hii kazi ya kivivu ndo itakayokuokolea hela, maana baada ya miezi miwili utajua kama kweli zinafuata kalenda au la.

Kama zinakuja siku saba au kumi kabla ya hedhi na zinapungua ukishaanza, basi ndo zenyewe. Ila kuna vitu vinafanana na chunusi na sivyo. Kipele kimoja kinachotoa usaha sehemu ileile ya kidevu au taya, kinakauka, kinafunguka tena, miezi na miezi, kinaweza kuwa kinatokea kwenye jino lililooza, usaha umetoboa njia kwenda nje, na hata jino lenyewe huenda haliumi. Huyo ni wa daktari wa meno na piga picha ya eksirei, krimu hazitamgusa. Vipele vidogo vidogo vinavyozunguka mdomo, vinawasha au kuchoma, mara nyingi ni majibu ya ile steroidi niliyoisema. Na vipele kwenye vinyweleo ulivyong'oa kwa kibanio, hivyo ni nywele zilizopindia ndani, ukiendelea kung'oa vitaendelea.

Sasa hapo kwenye nywele tusimame kidogo. Ndevu kidevuni, nene, nyeusi, na hedhi inayochelewa zaidi ya siku 35 au inayokuja chini ya mara nane kwa mwaka, nywele za kichwani zinapungua katikati, uzito unapanda hasa tumboni, shingo na makwapa yanakuwa meusi kama mahameli, umetafuta mtoto na mimba haishiki. Ukiwa na mawili matatu kati ya hayo uliza kuhusu PCOS, ule mvurugiko wa homoni ambao ovari zinakuwa na vifuko vidogo vingi. Sio ugonjwa wa nadra hata kidogo, inakadiriwa karibu mwanamke mmoja kati ya kumi anao, na wengi hawajui. Hapo usijitibu uso peke yake, kuna sukari na uzazi wa kuangaliwa pia. Na kama ndevu na chunusi zimekuja kwa kasi ndani ya miezi michache, sauti inakuwa nzito, hiyo ni safari ya hospitali wiki hii.

Andika pia dawa unazotumia. Izoniazidi, ile ya kuzuia au kutibu TB, sindano za vitamini B12, na baadhi ya dawa za kifafa zinaweza kuleta vipele vinavyofanana na chunusi. Usiziache! Waambie tu waliokupa, dawa ya TB ina thamani kuliko kidevu.

Halafu uzazi wa mpango, na hapa ndo penye siri ya wengi wetu bila kujua. Sindano ya miezi mitatu, kijiti cha mkononi kiwe cha miaka mitatu au mitano, vidonge vya wanaonyonyesha na kitanzi chenye homoni, vyote vina homoni ya projestini tu bila estrojeni, na kwa baadhi ya wanawake vinaamsha chunusi au kuzizidisha. Sio wote, kuna ambao hawasikii chochote. Vidonge vya kawaida vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini, huwa vinafanya kinyume, vinatuliza, ndo maana madaktari wengine wanaviandika kama tiba ya chunusi kabisa. Kitanzi cha shaba hakina homoni yoyote, hakiongezi wala hakipunguzi. Kwa hiyo jiulize, chunusi zilianza lini na kijiti kiliwekwa lini? Kama tarehe zinakaribiana nenda kliniki ukazungumze kubadilisha njia, lakini usichomoe kijiti leo ukakaa bila kinga yoyote ukisubiri uso usafike, utapata mimba ambayo hukuipanga na chunusi bado zipo. Na ujue pia ukiacha vile vidonge vya homoni mbili, baada ya miezi kadhaa chunusi zilizokuwa zimelala zinaweza kuamka, watu wanadhani wamelogwa.

Kupaka

Hapa nitaandika majina ya dawa kama yanavyotamkwa, ukiyasema hivihivi famasi watakuelewa. Na nenda famasi yenyewe yenye mfamasia, duka la dawa muhimu la mtaani haliruhusiwi kuwa na nyingi ya hizi, wakikuambia wanayo iangalie boksi mara mbili.

Unahitaji vitu vitano tu na vitatu kati yake sio dawa. Sabuni ya uso ya maji isiyo kali, losheni nyepesi, sanskrini yaani krimu ya kukinga jua, benzoili peroksaidi ya kuua bakteria, na adapalini ya kuzuia vitundu visizibe. Basi. Sabuni ya mche na zile za dawa za kuogea zina ukali unaoivua ngozi, inakauka, inabana, na adapalini ukiipaka juu ya ngozi iliyovuliwa hivyo utalia. Ukiosha uso na maji ya moto yale tunayochemsha kwa ajili ya baridi ni hivyohivyo, kwa uso changanya yawe uvuguvugu.

Asubuhi: osha, kausha kwa kugusagusa, paka benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 eneo zima la kidevu na taya, nyembamba, kisha losheni, kisha sanskrini. Ukikuta ya asilimia 5 ndo iliyopo chukua ila anza siku moja moja, na usikimbilie ya asilimia 10 ukidhani ndo kiboko, imeshaonekana kwamba asilimia 2.5 inapunguza chunusi karibu sawa na hizo kubwa na haiunguzi kama hizo. Onyo moja la muhimu sana: inabausha nguo. Taulo ya bluu, kitenge kipya, kola ya sare ya kazini, foronya, vyote vinatoka mabaka meupe yasiyofulika. Tumia taulo nyeupe na acha ikauke kabla hujavaa.

Usiku: osha, subiri uso ukauke kabisa, chukua adapalini ya asilimia 0.1 kiasi cha punje moja ya njegere, hiyo inatosha uso mzima, sambaza eneo lote linalotokaga chunusi. Usiidondoshee kwenye kipele kimoja kimoja, kazi yake ni kuzuia vinavyokuja, na vinavyokuja huvioni bado. Ruka kona za mdomo, kona za pua na kope. Losheni juu. Wiki mbili za mwanzo usiku mmoja kwa kila siku tatu, halafu usiku mmoja ndio mmoja hapana, halafu kila usiku kama ngozi imekubali. Ukianza kipindi cha baridi kali cha Juni mpaka Agosti, hewa ya huku ni kavu mno, anza na usiku mbili tu kwa wiki na upake losheni kabla na baada, hakuna anayekukimbiza. Ukikosa adapalini kuna tretinoini ya asilimia 0.025, inafanya kazi pia ila ni kali kidogo na hiyo usiipake wakati mmoja na benzoili peroksaidi maana inaiharibu, moja asubuhi nyingine usiku.

Wiki ya tatu ya nne hivi uso unaweza kuwa mbaya zaidi. Hapo ndo asilimia kubwa ya watu wanatupa tyubu na kwenda kwa mama wa mikorogo. Vumilia, vilivyokuwa vinajitengeneza chini vinatoka mapema. Hukumu yako itoe baada ya wiki 12, ukilinganisha picha, na usilinganishe wiki ya kabla ya hedhi na wiki ya baada ya hedhi ukajidanganya. Ila kama ngozi inachubuka vidonda, inavimba macho, hiyo sio kuvumilia tena, acha uende ukaonwe.

Kama una mimba, unatafuta mimba, au huna uhakika, adapalini na tretinoini weka pembeni. Yako ni asidi ya azelaiki, ya asilimia 15 au 20, mara mbili kwa siku, iko salama kwa wajawazito, na hata kwa asiye mjamzito naipenda kwa sababu kwa ngozi nyeusi inashughulikia chunusi na yale madoa kwa pamoja. Itawasha kidogo siku za mwanzo. Ubaya wake haipatikani kila mahali na bei sio rafiki.

Asidi ya salisiliki ya asilimia 2 ni nzuri kwa vile vichwa vyeusi vidogo, kwa vinundu vya ndani usitegemee makubwa. Jeli ya klindamaisini, antibayotiki ya kupaka, usiitumie peke yake, bakteria wanaizoea, iende pamoja na benzoili peroksaidi.

Kikitokea kikubwa usiku huu na kesho kuna harusi, funga barafu kwenye kitambaa safi, gusisha dakika chache, pumzika, rudia, hafu benzoili peroksaidi kidogo, lala. Hospitali zenye mtaalamu wa ngozi wanaweza kuchoma sindano ndogo ya steroidi ndani ya kinundu kikashuka kwa siku mbili tatu, hiyo ni kazi ya mtaalamu tu. Uso ukivimba kwa kasi, una moto, na homa juu, hilo huenda ni jipu, usisubiri asubuhi.

Jua letu la baridi

Watu wa Dar wanajua jua linachoma kwa sababu wanatoka jasho. Sisi tunadanganywa na upepo. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 miale ya jua inayounguza ngozi inaongezeka kama asilimia 10, kwa hiyo ukiwa Uyole na sweta lako saa sita mchana unapigwa na miale mikali kuliko mtu wa Kariakoo anayejipepea. Na ni jua hilo linalofanya doa likae miezi mingi zaidi, hasa ukiwa unatumia adapalini.

Sanskrini ya SPF (kipimo cha kukinga jua) 30 au zaidi, kila asubuhi hata kukiwa na ukungu. Zile zenye rangi ya ngozi, zilizotiwa oksaidi ya chuma, zinafaa zaidi kwa madoa ya watu weusi kwa sababu zinazuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, na hazikuachii ule weupe wa majivu. Ukikosa, kofia pana au mtandio mwepesi unasaidia, mama zetu shambani wanajifunga hivyo siku zote na wana sababu.

Madoa yenyewe yanaondoka polepole, miezi mitatu mpaka mwaka, na hakuna njia ya mkato ambayo sio mkorogo. Kama umebaki na mabonde kwenye ngozi hayo ni makovu na krimu haziyajazi. Na kama wewe au ukoo wako mna makovu yanayonyanyuka, usimruhusu mtu yeyote wa saluni akuchome au akuchubue kwenye taya.

Chakula, kwa kifupi

Karanga, parachichi na maharage vinasingiziwa. Vitu ambavyo tafiti zimevihusisha na chunusi, kwa kiasi na sio kwa kila mtu, ni vyakula vinavyopandisha sukari haraka, yaani soda, mandazi, mkate mweupe, chai ya sukari vijiko vinne, na pia maziwa ya ng'ombe. Najua kumwambia mtu wa Tukuyu aache maziwa ni uchokozi. Kama unakunywa vikombe vitatu vinne kwa siku, jaribu kupunguza miezi miwili, andika kwenye lile daftari, usipoona tofauti rudi kwenye maziwa yako kwa amani. Poda za protini za jimu zinazotengenezwa kwa maziwa nazo zinaleta chunusi kwa wengine. Kuhusu maji, lita tano kwa siku hazioshi chunusi, kunywa ukisikia kiu.

Ukifika wakati wa hospitali

Nenda kama wiki 12 zimepita umepaka sawasawa na hakuna kilichobadilika, au kama toka mwanzo ni vinundu vikubwa vinavyoacha makovu, usisubiri hizo wiki. Mbeya ulizia kliniki ya ngozi Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Iringa na Njombe anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, na upige simu kwanza kuuliza siku ya kliniki maana sio kila siku, utatoka Makete na gari la alfajiri ufike uambiwe urudi Alhamisi. Sio lazima akuone bingwa. Hospitali ya KCMC kule Moshi kuna chuo cha magonjwa ya ngozi tangu 1992, kinafundisha maafisa wa ngozi ambao wanatawanyika mikoani, wengi wao wanaijua chunusi kuliko daktari wa jumla. Nenda na daftari lako, na vikopo vyote, na picha za simu.

Unachoweza kuandikiwa ni hivi. Doksisaiklini, antibayotiki ya kumeza, kwa kawaida isizidi miezi mitatu, pamoja na dawa ya kupaka, imezwe na maji mengi na usilale hapohapo, inaongeza kuungua na jua, mjamzito haruhusiwi. Ikikusaidia na ukiacha zinarudi, usiendelee kujinunulia mwenyewe dozi baada ya dozi.

Vidonge vya homoni mbili vinahitaji miezi mitatu na zaidi kuonyesha kazi, na haviwafai wenye presha, wenye kipandauso cha kuona mimulimuli, waliowahi kuganda damu, wanaovuta sigara wakiwa na miaka 35 kwenda juu, na waliojifungua karibuni wananyonyesha. Kwa hiyo pima presha kabla, usimezee za rafiki yako.

Kisha kuna spironolaktoni, ambayo kiasili ni dawa ya presha na moyo, ila inaziba njia ya androjeni kwenye ngozi. Kwa chunusi za aina yetu hii ndo ningeulizia. Uingereza walifanya jaribio kwa wanawake 410, matokeo yakatoka 2023, waliomeza walipata nafuu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi wiki ya 24 kuliko wiki ya 12, yaani hapa tena ni subira. Inaweza kuvuruga hedhi na kukupeleka chooni mara kwa mara, mwenye figo mbovu haimfai, na lazima uwe na uzazi wa mpango wa uhakika kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Daktari mwingine atashangaa ukiitaja, mwambie kwa adabu, "daktari, nimesikia inatumika kwa chunusi za homoni, unaionaje kwangu?" na umsikilize.

Isotretinoini, dawa ya kumeza, ni ya mwisho, ina nguvu kweli na inaharibu mimba vibaya sana, haitakiwi kabisa kununuliwa mtandaoni au kwa mtu anayeleta kutoka Dubai. Kipimo cha mimba, kinga, na vipimo vya ini na mafuta ya damu, bila hivyo ikatae.

Zikishatulia usiache vyote siku moja. Benzoili peroksaidi unaweza kuibakiza kwa ile wiki ya kabla ya hedhi tu, kalenda yako unayo, lakini adapalini endelea nayo usiku mbili tatu kwa wiki, kwa sababu homoni hazijaenda popote, na kwa wengine ukikaribia kukoma hedhi huko miaka ya arobaini zinaamka tena. Tyubu mpya nunua ya sasa ikiwa imebaki robo, huku kwetu ikiisha famasi unaweza kusubiri mpaka iagizwe Dar ije na basi, na ukipokea angalia tarehe ya kuisha na kama kizibo hakijafunguliwa kabla hujalipa.